Ukurasa wa Shukrani

Sehemu ya sita

Wiki iliyopita mliniacha kwenye benchi la mbao nje ya ofisi ya mkuu wa idara, nimekumbatia kitabu cheusi kifuani kama niliyeazimwa mtoto wa watu. Wapo walioandika kuuliza kama nilipata ile nafasi ya shahada ya uzamili au nilirudi nyumbani kukoroga gundi. Nitawajibu, ila kwa zamu. Leo nina neno ambalo sijamwambia mtu yeyote. Sina wa kumwambia, ndiyo maana nawaambia ninyi msionijua sura.

Kwa aliyeingia leo, nimfupishie. Baba yangu ni fundi wa kujalidi vitabu. Kibanda chetu kinatazamana na geti la chuo kikuu, na kila mwanafunzi anayemaliza uzamili au uzamivu humletea baba tasnifu yake ishonwe, ipigwe gundi, ivikwe jalada gumu na kuandikwa jina mgongoni kwa herufi za dhahabu. Chuo kizima kinamwita Fundi Jalada. Jina lake halisi hakuna anayelijua, na hakuna aliyewahi kuliuliza.

Baba aliishia darasa la tatu. Herufi anazijua zote, tena anazijua kinyumenyume, maana zile za chuma anazozipanga kwenye fremu hukaa zimegeuka. Mwandikie jina lolote, atalipanga bila kosa. Mpe ukurasa mzima asome, atakwambia miwani yake imevunjika, na miwani hajawahi kuwa nayo.

Mama alitutoka nikiwa darasa la pili, kwa hiyo nilikulia kibandani, chini ya meza, kwenye mabaki ya karatasi. Shuleni waliniita Gundi kwa ajili ya vidole vyangu. Wahenga wanasema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mimi nilivukuta, na pia niliiba.

Niliiba kwa macho. Baba ana sheria moja tu kibandani: kazi ya mteja haisomwi. “Kazi ya mtu ni barua ya mtu,” husema. Yeye hukagua namba za kurasa, basi. Mimi nilizisoma zote, tangu niko darasa la sita mpaka namaliza shahada ya kwanza. Hilo nililiungama wiki ya tatu, na barua zenu za kunisema nilizipata.

Niliposikia nimeitwa kwenye usaili wa uzamili, na kwamba kila mwombaji aje na andiko la utafiti mkononi, sikuwa na wa kumuuliza andiko linaandikwaje. Nilimgusia shangazi kwenye simu. “Si ulishamaliza wewe?” akasema. “Hiyo ni shule gani isiyoisha, wakati wenzako wanapeleka watoto kliniki?” Nilimwambia baba, akafurahi siku nzima, lakini furaha haijibu swali. Basi nikajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe, nikaandika langu kwa kuigiza zile nilizozikuta mezani kwetu.

Sasa turudi kwenye benchi.

Pembeni yangu alikaa kijana mwenye koti la kijivu, miguu ameinyoosha kama yuko sebuleni kwao. Nitamwita Koti. Mkononi alikuwa na karatasi chache zilizobanwa pini moja kwenye pembe.

“Samahani, dada,” akaniambia. “Hiyo tasnifu ni ya nani?”

“Si tasnifu. Ni andiko langu.”

“La kuombea nafasi?”

“Ndiyo.”

Akalitazama jalada jeusi. Akazitazama zile herufi za dhahabu mgongoni: jina langu, la baba na la babu. Hakucheka, na mimi ningeona afadhali angecheka.

“Kurasa ngapi?”

“Themanini na nne.”

“Wanataka zisizidi kumi.”

“Tangazo halikusema.”

“Halisemi. Ila ndivyo ilivyo.”

Nikayatafuna hayo maneno. Ndivyo ilivyo. Kumbe kuna watu wanazaliwa mahali ambapo ndivyo ilivyo inaliwa pamoja na chai ya asubuhi.

“Wewe nani alikwambia?”

“Mama,” akasema, wala hakuwa anajivuna. “Anafundisha idara ya jirani. Langu amelirudisha mara tatu, kalamu nyekundu juu mpaka chini. Na Profesa wewe uliongea naye lini?”

“Tuongee nini?”

“Si kuhusu kukusimamia? Unamtafuta kwanza, mnazungumza, akishakubali ndiyo unaleta maombi. Sisi alikuja nyumbani mchana, tukala, mama akamgusia.”

Kwetu mchana huja paka wa jirani, na yeye hajawahi kumsimamia mtu. Nilitaka kumwambia hivyo tucheke, lakini nilikuwa nimekumbuka ukurasa wa tatu.

Ngoja niwaeleze ukurasa wa tatu.

Kila tasnifu niliyoisoma ilikuwa na ukurasa wa shukrani, na kila shukrani ilianza na msimamizi. Namshukuru msimamizi wangu kwa uvumilivu wake. Namshukuru kwa kusoma rasimu zangu moja baada ya nyingine. Mimi nilichukulia kwamba hiyo ni adabu ya kuingilia. Nyumba ya watu huingii bila hodi, na kitabu cha kisomi nacho nikaona kina hodi yake. Nikaliangalia jina la mkuu wa idara kwenye tangazo, nikamshukuru. Nikamshukuru kwa uvumilivu, kwa rasimu, na kwa mlango wake uliokuwa wazi kwangu saa zote.

Sikuwa nimewahi kumtia machoni.

Zile tasnifu humshukuru pia mume au mke kwa kuvumilia upweke wakati mwandishi akiwa kwenye vitabu. Hapo niliruka. Upweke wote ulikuwa wangu, sikuona wa kumshukuru.

Koti alinisogelea. Alikuwa mtu mwema, nisimsingizie. “Sikiliza, dada. Naingia mimi kwanza. Una kama dakika ishirini. Ng’oa hilo jalada, toa kurasa za mbele, wapelekee zile za maana tu.”

Akaitwa. Mlango ukafungwa nyuma yake, na kabla haujafungwa vizuri nikasikia sauti ya mwanamke ikisema, “Karibu, mama hajambo?”

Nikaenda chooni na kitabu changu.

Nikakiweka juu ya sinki, nikashika jalada kwa mkono mmoja na kurasa kwa mwingine, nikavuta. Halikutoka. Nikaweka goti, nikavuta tena. Baba hashoni kitabu ili kichanike. Anashona kwa uzi uliopakwa nta, mafundo mawili kila mkunjo, kisha kitambaa, kisha gundi, kisha anakilaza chini ya jiwe siku mbili.

Hicho alikishona kwa siri, Jumapili nikiwa kanisani, nami nilikuwa nimeziacha karatasi zangu mezani zikiwa zimefungwa kamba tu. Asubuhi ya usaili ndipo aliponikabidhi, kimeviringishwa gazeti.

“Usiende na karatasi zinapeperuka kama za mwombaji wa kazi ya kufagia,” aliniambia. “Nenda kama watu.”

Nilishukuru. Kisha nikamwambia jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa jikoni hulazimika kukaa chini.

“Baba, leo usije idarani.”

“Nina tasnifu tano za Profesa, zimekauka.”

“Peleka kesho. Tafadhali. Leo kutakuwa na watu.”

Alikuwa anafuta brashi ya gundi. Aliendelea kuifuta hata ilipokuwa imeshatakata. “Sawa, mama,” akasema. Ananiitaga mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. “Kesho si mbali.”

Pale chooni nilivuta mara ya tatu, kucha ikakatika. Kitabu kilibaki kama kilivyo, na mimi nikabaki nafuta damu kwenye jalada kwa ncha ya kitenge, nikiona haya mbele ya kioo ambacho hakikuwa na mtu mwingine ila mimi. Nikasema liwalo na liwe. Nikarudi kwenye benchi, na zamu yangu ikafika.

Ndani walikuwa wawili. Profesa, yaani mkuu wa idara, mama wa makamo mwenye nywele fupi zilizojaa mvi, na mwenzake mwembamba mwenye miwani ambaye kila mtu alimwita Daktari. Mezani mbele yao zilikuwa zimelala karatasi za Koti na za wenzake, nyembamba zote.

Nikaweka changu. Kikatua kwa kishindo.

“Huyu amekuja kujiunga au kuhitimu?” akauliza Daktari, akacheka peke yake.

Profesa hakucheka. Alikifungua, na kama mjuavyo siku yako ikifika imefika, kikafunguka ukurasa wa tatu.

“Namshukuru kwa dhati msimamizi wangu,” akasoma kwa sauti, kisha akalisoma jina lake mwenyewe, polepole. “Kwa uvumilivu wake, na kwa kusoma rasimu zangu moja baada ya nyingine.” Akainua uso. “Mimi na wewe tumewahi kukutana?”

“Hapana, Profesa.”

“Rasimu zako nimesoma ngapi?”

“Hujasoma, Profesa.”

“Na mlango wangu uliokuwa wazi saa zote?”

Nikautazama mlango. Ulikuwa umefungwa. “Samahani,” nikasema.

“Mimi nimefundisha miaka ishirini na sita,” akasema, “na hii ndiyo mara ya kwanza nashukuriwa kabla ya kazi. Wengine hata baada ya kazi husahau.”

Daktari akacheka tena. Profesa akaendelea kufunua, na nikaona amesahau kwamba nipo. Alisoma ukurasa, akasoma unaofuata. Alikuwa amefika kwenye mambo yangu hasa, yale niliyoyaandika kutoka moyoni: namna mafundi wasiopitia darasani wanavyohifadhi vipimo bila kuviandika. Nikaisikia saa ya ukutani. Daktari akatazama yake ya mkononi.

“Huyu fundi wa ukurasa wa arobaini na moja,” Profesa akauliza, macho bado chini. “Anayepima unene wa kazi kwa kidole gumba, toka chini kwenda juu, anahesabu kwa midomo bila sauti. Huyu ni nani?”

“Fundi mmoja tu.”

“Unamjua vizuri.”

“Nilimchunguza.”

Akafunga kitabu, akaweka mkono juu yake. “Nitakwambia ukweli, binti. Mwaka huu sijasoma andiko lililonishika namna hii, na nafasi imebaki moja. Ningekupa sasa hivi. Ila naogopa.”

Nikautazama mkono wake juu ya jalada.

“Mwezi jana tumekuta tasnifu mbili za idara hii zimenakiliwa, zina majina ya watu wengine, kwenye chuo kingine. Mtu anazichukua kabla hazijafika maktaba. Mahali fulani kati ya hapa na maktaba pana mlango unaovuja. Sasa unakuja wewe, hujasimamiwa na mtu, unaandika kama aliyekwisha kumaliza, unashukuru kama aliyekwisha kumaliza. Umejifunzia wapi?”

Wasomaji wangu, jibu la kweli lilikuwa fupi. Nimejifunzia mezani kwa baba, kwenye kazi za wanafunzi wenu. Lakini ningelisema hilo, Profesa angeuona mlango wake unaovuja, na ungekuwa ule wa kibanda chetu. Baba ambaye hajasoma hata mstari mmoja wa mteja angepoteza kazi ya idara, na idara ndiyo inayomweka mjini.

Hivyo ndivyo nilivyojiambia, kwamba namkinga. Leo nikiwa peke yangu na kalamu hii nakiri kwamba haikuwa hilo peke yake. Niliziona karatasi za Koti pale mezani, nikaisikia ile “mama hajambo”, na nikaona aibu ya kusema gundi.

“Nyumbani kwenu kuna msomi?” Profesa akanisaidia.

“Yupo,” nikasema. “Alikuwepo. Mjomba.”

“Mhadhiri?”

“Ndiyo. Ng’ambo.”

“Alifundisha nini?”

“Historia.” Ulimi hauna mfupa. Ulikuwa unateleza wenyewe. “Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika. Vitabu vyake ndivyo nilivyovisoma. Naye ameshafariki.”

Mjomba huyo sijawahi kuwa naye. Mama alizaliwa peke yake.

“Na baba yako? Anafanya kazi gani?”

Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa nimefika mwisho wake. Ningeweza kusema fundi. Kuna mafundi elfu, ningeweza kusema wa saa, wa viti, wa mabomba. Nikachagua njia ya mkato.

“Baba naye alishafariki, Profesa. Zamani.”

Nyuma yangu mtu akakohoa.

“Samahani, Profesa,” ikasema sauti ya karani wa idara. Sikuwa nimesikia mlango ukifunguliwa. “Fundi Jalada amefika na zile tasnifu. Ulisema nimpigie azilete leo hii hii.”

Sikugeuka. Nilijua harufu ya gundi.

“Aingie,” akasema Profesa.

“Yupo hapa, tumesimama tunangoja umalize.”

Baba akapita pembeni yangu na boksi mikononi. Alikuwa amevaa shati lake la kufungia mwaka, amelinyoosha pasi, na mistari ya mikono ilikuwa imesimama. Alikuwa ametii. Hakuwa amekuja kwa ajili yangu, alikuwa ameitwa na kazi, na kazi ikiita baba hana kesho. Akaliweka boksi mezani kwa adabu, akasalimia.

Kisha akaniona. Au tuseme, akakubali kuniona.

Profesa akainua kitabu changu. “Fundi, hii ni kazi yako. Mshono wako naujua.”

“Ni yangu, Profesa.”

“Huyu binti unamfahamu?”

Baba alinitazama kama anavyotazama karatasi akitafuta iliyokunjwa. Usoni hapakuwa na hasira. Ningeiona hasira ningepata pa kushika.

“Ni mteja,” akasema.

“Alikuja na nani?”

“Alikuja mwenyewe. Huyu tangu mwanzo amekuja mwenyewe, Profesa. Hana mtu.”

Nililia hapo, ila machozi hayakutoka. Alikuwa amesikia yote, na badala ya kuniumbua alikuwa anaushona uongo wangu, mafundo mawili kila mkunjo, usichanike.

“Na kazi yake uliisoma?”

“Mimi kazi ya mtu sisomi. Na kibandani kwangu haisomwi.” Alilisema kwa sauti ya mtu anayeapa. “Hilo nakuhakikishia, uniulize mimi.”

Katika chumba kile ni mimi tu niliyejua kwamba hilo si kweli, na kwamba aliyelifanya lisiwe kweli ni mimi.

Profesa akamkabidhi kitabu. “Imeshonwa vizuri sana,” akasema, kumpa mtu sifa yake. Na baba akafanya anachofanya kila kitabu kinapomrudia mkononi, bila kufikiri, miaka thelathini sasa. Akakisimamisha. Akaweka kidole gumba chini ya mgongo wa kitabu, akapanda nacho juu, midomo ikihesabu bila sauti.

Profesa alikuwa anamsogezea kiti. Mkono wake ukasimama juu ya kiti.

Baba akarudisha kitabu mezani. Karani akaleta daftari la kupokelea, akalifungua mbele yake.

“Utaratibu mpya, fundi,” akamwambia. “Tangu zile mbili zilipoibwa, kila anayegusa tasnifu anaandika majina kamili. Ile alama yako ya zamani hairuhusiwi.”

“Majina kamili,” akasema baba.

“Ndiyo, na Profesa anasaini pembeni.”

Baba akachukua kalamu. Nilitaka kumwambia andika Fundi Jalada, andika lolote, andika jina la paka wa jirani. Lakini mteja hamwambii fundi aandike nini kwenye daftari la watu. Akainama. Baba haandiki kama ninyi mnavyoandika. Anaandika kama anapanga herufi kwenye fremu, kubwa zote, moja moja, na katikati ya moja na nyingine hupima nafasi. Alichukua muda. Daktari aliacha kutazama saa.

Akaandika jina lake na la baba yake. Akaweka kalamu, akasema ahsante, akachukua boksi tupu akaelekea mlangoni.

Profesa alilivuta daftari asaini. Hakusaini. Alikivuta na kitabu changu, akakilaza kando ya daftari, mgongo juu, dhahabu imeangalia taa. Jina langu lilikuwa mwanzo. Yaliyofuata yalikuwa mawili, herufi kubwa zote, na nafasi kati ya moja na nyingine ilikuwa ile ile.

Daktari akainama, akasoma kitabu, akasoma daftari. Akavua miwani.

“Binti,” akasema Profesa. Sauti haikuwa kali, na hiyo ndiyo iliyonitisha. “Nisomee majina ya hapa. Kisha nisomee majina ya hapa.”

Nikisoma, nafasi imekwenda, na baba ataonekana ndiye mlango unaovuja, yeye aliyeapa dakika moja iliyopita. Nisiposoma, nimemzika mara ya pili, safari hii akiwa ndani ya chumba. Nilitafuta uso wa mtu wa kuniambia ndivyo ilivyo, fanya hivi. Hapakuwa na mtu. Sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa katika chumba kile chenye watu watano.

Baba alikuwa amefika mlangoni. Aliona kitabu kiko kando ya daftari, akasimama.

“Kuna herufi imekosewa, Profesa?” akauliza.

Daktari akarudisha miwani usoni.

“Kama ipo, kosa ni langu. Mteja asihukumiwe kwa kosa la fundi. Nitaing’oa niipige upya leo hii.”

Wote wakanigeukia mimi.

“Hakuna iliyokosewa,” nikasema.

Sentensi haikuwa imeisha. Mtu mzima hajibiwi ukamwacha hivi hivi, lazima umtaje. Yalikuwa maneno mawili tu ya kuchagua, fundi au baba, na yeye alikuwa ameshika kitasa akingoja nitamwita lipi.